Waranti ya Nani? Tuachieni Tufungue Mashini Zetu

Wiki hii hatuandiki kuhusu ligi wala kuhusu foleni ya maji. Tunaandika kuhusu stika.

Ni stika ndogo nyeupe, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Imebandikwa juu ya skrubu moja chini ya laptopu, na imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ukiitoa, waranti imekwisha. Wenzetu waliosoma Kongo wanasema garanti. Iite unavyotaka, maana ni ile ile: ni ahadi ya muuzaji kwamba mashini ikiharibika bila kosa lako, ndani ya muda fulani, atakutengenezea au atakupa nyingine.

Mwezi wa tatu afisa wa shirika moja aliingia chumba cha kompyuta, akakuta mashini iko wazi mezani, kibodi pembeni, feni pembeni, na wawili wetu wameinama juu yake na brashi ya rangi. Hakuuliza tunafanya nini. Aliuliza nani ametoa stika. Siku hiyo hiyo kikundi chetu kikasimamishwa kutumia chumba kwa miezi miwili, eti tumeharibu waranti ya mali ya wafadhili.

Sasa sikieni vizuri. Mashini ile ni ThinkPad T430. Ukiigeuza chini utaona tarehe ya kutengenezwa: 13/02, yaani Februari 2013. Mashini za ofisi za namna ile huuzwa na waranti ya mwaka mmoja, au mitatu kwa kawaida. Hata tukiwa wakarimu tuseme mtu aliinunulia miaka mitano, hesabu inaishia 2018. Tulifungiwa mlango kwa kosa la kuua kitu kilichokufa zamani, kabla baadhi yetu hatujavuka mpaka.

Mtu mwenye kompyuta nyumbani atasema miezi miwili si kitu. Kwetu ilikuwa hivi. Dada mmoja wa kikundi chetu, mtu wa Fizi, alikuwa anatafsiri maandishi ya video kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, analipwa kwa kila video. Si pesa nyingi, lakini mnajua wenyewe mwaka 2025 ulivyokuwa, mgao wa chakula ulivyokatwa, na nani alikuwa analisha nani. Alikosa kazi tatu mfululizo kwa kuchelewa, wa kule akampa mwingine. Kaka yetu mwingine alikuwa na mtihani wa mtandaoni wa kufunga muhula. Aliufanyia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akafeli somo alilokuwa anatufundisha sisi.

Ndiyo maana tunaandika kwa hasira kidogo. Mtusamehe, au msitusamehe, lakini someni mpaka mwisho.

Kwanza tuseme tulikuwa tunafanya nini, kwa sababu maneno yamezunguka kambi nzima kwamba "vijana wanabadilisha maprosesa kuuza". Hapana. Mashini ile ilikuwa inahangi. Ukifungua kurasa nne za intaneti na programu ya kuhariri video, inaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, feni inapiga kelele, halafu kila kitu kinaganda. Tulipima. Joto la prosesa lilikuwa linafika nyuzi 97, na kasi inashuka yenyewe kutoka gigahezi 2.6 mpaka 1.2. Hiyo si hitilafu. Prosesa imefundishwa hivyo: ikiona inakaribia kuungua, inapunguza mwendo ili ijiokoe. Mtu anasema "laptopu za msaada ni mbovu", kumbe laptopu inajikinga na vumbi la Turkana.

Tulipofungua tukakuta mapezi ya shaba, pale hewa inapotokea, yamezibwa na kitu kama blanketi. Hatutanii, unakivuta kinatoka kipande kizima. Na ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na shaba ili kupitisha joto ilikuwa imekauka, imekuwa unga. Miaka zaidi ya kumi, hakuna aliyeigusa, kwa sababu ya stika.

Tulikuwa na video ya kikundi ya dakika 12, ile ya siku ya wakimbizi. Kuitoa kamili kwenye mashini ilivyokuwa kulichukua saa moja na dakika 38. Tukasafisha, tukapaka pesti mpya, hatukubadilisha kitu kingine: saa moja na dakika 10. Yaani brashi ya rangi na pesti ya bei ya soda mbili zimerudisha karibu nusu saa. Hapo ndipo afisa alipotukuta.

Mengine tuliyafanya baadaye, kwenye mashini yetu wenyewe tuliyoinunua kwa mchango, aina ile ile, nje ya chumba chao. Na hili ndilo linalobishaniwa zaidi, kwa hiyo tutalieleza polepole.

T430 ni ya kizazi cha laptopu ambazo prosesa imekaa kwenye soketi. Haijachomelewa. Unatoa kibodi na fremu yake, unatoa feni na bomba la shaba, unaona skrubu moja ya soketi. Unaigeuza kwa bisibisi bapa, na prosesa inanyanyuka bila nguvu, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Yetu ilikuja na Core i5-3320M, yenye kore mbili. Kore ni kama mpishi ndani ya jiko: wawili wanapika sufuria mbili kwa wakati mmoja, wanne wanapika nne. Tukatafuta Core i7-3632QM, ya kizazi hicho hicho, yenye kore nne. Muhimu ni kwamba zote mbili zimepangiwa wati 35, yaani joto ambalo feni na shaba ya mashini inatakiwa kulibeba ni lile lile kwenye karatasi. Ya kore nne tulipata kwa shilingi elfu nne, imetumika, kutoka kwa muuza vifaa wa Luthuli Avenue, Nairobi. Ilikuja na basi, imefungwa kwenye soksi ndani ya kopo la maziwa. Dereva alidhani ni dawa.

Ile video ya dakika 12 ikatoka kwa dakika 41.

Tusifiche upande wa pili. Joto lilipanda: tukiipa kazi nzito mchana, chumba kikiwa nyuzi 37, prosesa inafika 89, 90. Betri inaisha haraka zaidi. Chaja ya wati 65 ilikuwa inahangaika, tukatafuta ya wati 90, na kwenye umeme wa jenereta ya mtaani hiyo ni tofauti unayoisikia mfukoni. Tulikaa tukapiga hesabu kwamba kazi ya saa moja na dakika 10 ikiisha kwa dakika 41, hata kama inakula umeme zaidi kwa dakika, mwisho wa siku tunalipa karibu sawa na watu wawili zaidi wanapata zamu. Tukaamua inafaa. Hapo ndipo tunapotaka mtusikie: tuliamua. Tulijua faida, tulijua hasara, tukachagua, kwa pesa yetu.

Na kuna hasara kubwa zaidi ambayo hatutaipitisha kimyakimya, kwa sababu kuna watu wanaoijua na watatuumbua kwenye komenti. Mashini ya tatu tuliyoifungua tuliiua. Ilikuwa ya mama mmoja Mrundi wa Kakuma 3, anayemsomeshea mwanawe kwa mtandao. Alikuja mwenyewe, amesikia habari. Tulikuwa tumeshazoea, tukajiona mafundi, na siku ile hatukutoa betri. Bisibisi iliteleza ikagusa pale isipotakiwa. Ilitoka harufu tu, hata cheche hatukuona. Madabodi ikafa, na mpaka leo haijafufuka. Tulienda kwake jioni, wote saba, tukamwambia. Hakutugombeza, akatutengenezea chai, na ile chai ilituuma kuliko matusi. Tunamlipa kidogo kidogo, tumebakiza shilingi elfu tatu.

Kwa hiyo msituambie hatujui hatari. Tunaijua kwa jina na kwa namba ya nyumba.

Lakini angalieni: pale mashini ya mama ilipokufa, waranti ilimsaidia nini? Hakuna. Hakuwa na risiti, aliinunua mkononi. Angekuwa nayo, waranti inataka uipeleke kwenye kituo cha huduma. Kituo kiko Nairobi, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Ili mkimbizi afike Nairobi anahitaji ruhusa ya kutoka kambini, na ruhusa inataka sababu. Nenda dirishani useme "feni ya laptopu yangu inapiga kelele" uone utakavyoangaliwa. Ndugu zetu wa Nyarugusu wao hata kufika Kasulu mjini bila kibali ni kesi. Wa Nakivale angalau wanatembea, lakini nauli ya Kampala nani anayo?

Waranti ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye anwani, risiti, barabara na uhuru wa kuitumia. Ni kitu kizuri, tungekuwa nayo tungeilinda. Mtu akipewa laptopu mpya leo, iliyonunuliwa dukani Nairobi, na shirika lenyewe liko tayari kuirudisha dukani ikiharibika, sisi wa kwanza tutasema: usiiguse, subiri miaka yako iishe. Tunachokataa ni kuogopeshwa na kivuli cha waranti kwenye mashini ya 2013.

Halafu hata huko zinakotoka hizi mashini, stika hiyo si Biblia. Marekani wana sheria ya tangu 1975 inayomkataza muuzaji kusema waranti yako inakufa kwa sababu tu umetumia kifaa au fundi wa mahali pengine, isipokuwa kama kifaa hicho anakupa bure. Aprili 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliandikia kampuni sita barua za onyo kwa sababu ya vitisho vya namna hiyo. Tuwe wakweli: sheria hiyo haisemi ukivunja mwenyewe utalipwa. Ukiweka prosesa nyingine ukaunguza madabodi, mtengenezaji ana haki ya kukuambia hiyo ni juu yako. Inachosema ni kwamba kufungua peke yake si dhambi. Sasa, Mmarekani aliyeitumia mashini hii kwanza alikuwa na haki ya kuifungua isafishwe vumbi. Imevuka bahari, imefika kwa mkimbizi, haki ikabaki bandarini?

Kuna jambo lingine tulilojifunza tukacheka. Intel wenyewe, kuanzia 2012 mpaka 2021, walikuwa wanauza bima ya kuunguza. Kwa prosesa fulani za kompyuta za mezani, zile zilizoachwa wazi ili mtu azisukume zaidi ya kasi yake, ulilipa kidogo juu, na ukiiua kwa kuisukuma wanakubadilishia mara moja. Maana yake kampuni ilijua watu watajaribu, na ikaona hatari hiyo ina bei na inauzika. Kwa mwenye pesa, hatari ni bidhaa. Kwetu sisi ni utovu wa nidhamu.

Hapa tugeuke kidogo tuongee na vijana wenzetu, kwa sababu nao wanatuharibia.

Kusukuma prosesa, hii wanayoiita ovakloki, si kupakua programu yenye picha ya roketi. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo: gigahezi 2.6 ni mapigo bilioni 2.6 kwa sekunde. Ku-ovakloki ni kuilazimisha ipige haraka zaidi, na mara nyingi lazima uiongezee volti, na volti ikiongezeka joto linapanda haraka kuliko kasi unayoipata. Halafu prosesa nyingi za laptopu, pamoja na hizi i5 zetu, zimefungwa kiwandani. Hazisukumiki. Programu inayokuambia itaiongezea i5 yako asilimia 200 inakudanganya, na wakati unasubiri roketi iruke, yenyewe inasoma nywila zako. Tumesafisha mashini nne zenye ugonjwa huo mwezi uliopita. Kuna ndugu mmoja, hatumtaji, ambaye anataka tumtafutie i7-3940XM kwa sababu hiyo haijafungwa. Kaka, hiyo ni ya wati 55. Ndani ya T430, Kakuma, mwezi wa pili! Utapika ugali juu yake.

Na msianze na prosesa. Tunajua ndiyo inayosikika vizuri ukiitaja mbele ya wasichana. Lakini mashini nyingi zinazoletwa kwetu ugonjwa wake ni diski ya zamani ile inayozunguka, au RAM ya giga 4. Safisha kwanza. Weka SSD. Ongeza RAM. Pima. Ukiona kazi yako bado inakwama kwenye prosesa, kama sisi na video, au kama wale wanaojenga programu, hapo ndipo uulize habari ya soketi. Na kama laptopu yako ni ya kizazi cha tano cha Intel au baada ya hapo, usiulize kabisa: prosesa imechomelewa kwenye madabodi, haitoki bila vifaa ambavyo hapa hakuna mwenye navyo.

Hilo la kuchomelea nalo ni sehemu ya malalamiko yetu. Kila mwaka milango inafungwa. Kwa mashini kuanzia kizazi cha nne palikuwa na njia nzuri sana kwa watu wa joto kama sisi: kupunguza volti kidogo, bila kugusa bisibisi. Kasi inabaki ile ile au inapanda, kwa sababu joto limeshuka na prosesa haijikingi tena. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven wakaonyesha kwamba mtu ambaye tayari ana mamlaka yote juu ya kompyuta anaweza kuchezea volti hiyo kuvuruga hesabu ndani ya sehemu ya siri ya prosesa za Intel, iitwayo SGX. Shambulio wakaliita Plundervolt. Intel wakatoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa laptopu wakaona rahisi kuufunga mlango wote. Tuna mashini mbili za kizazi cha nane kwenye kikundi, zote zilifungwa na apdeti ya BIOS. Watafiti walifanya kazi nzuri, hatuwalaumu. Lakini hiyo SGX hatuitumii, wala hatujakutana na mtu kambini anayeitumia. Tumefungiwa dirisha ili kulinda chumba ambacho hatuna, na joto tumebaki nalo sisi.

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa mashirika, maana tunajua mnasoma, na wengine wenu ni marafiki zetu kabisa.

Mmetuambia kuna ukaguzi: mkaguzi wa mfadhili anakuja na daftari, anataka kuona kila mashini. Sawa. Mkaguzi anahesabu namba iliyobandikwa chini ya mashini, na namba hiyo haibadiliki ukipaka pesti. Kwa prosesa, sisi ya zamani hatukuitupa. Iko kwenye kiboksi cha dawa, imeandikwa tarehe na namba ya mashini ilikotoka. Siku yoyote inarudi mahali pake kwa dakika 40.

Mmetuambia vitu vinaibwa. Ni kweli. RAM mbili zilipotea chumbani mwaka jana, na stika zilikuwa mahali pake, zimerudishwa vizuri na gundi. Mwizi haogopi stika. Anayeogopa ni yule anayetaka kusafisha feni. Wekeni daftari: nani kafungua, lini, kakuta nini, katoa nini, na shahidi mmoja asaini. Tutalijaza sisi.

Mmetuambia betri za lithiamu ni hatari. Hapa mko sahihi kuliko mnavyojua, na mama wa Kakuma 3 ni shahidi. Basi tufundisheni. Mtu atafungua tu, leo au kesho, chini ya taa ya simu, na kisu cha jikoni. Tumeona mtoto wa miaka kumi na minne anafungua betri iliyovimba kwa meno ya uma. Marufuku haikumzuia. Imemzuia tu asiulize.

Na ile karatasi ya makabidhiano. Wengine wetu tumepewa laptopu ziwe zetu, tumepigwa na picha tukiwa tumezishika, tumetabasamu. Karatasi inasema mpokeaji haruhusiwi kufungua wala kubadilisha kitu chochote ndani. Kwa Kiswahili cha kwetu, kitu usichoruhusiwa kukifungua hujapewa, umeazimwa. Semeni tu kwamba ni mkopo, tutawashukuru hivyo hivyo, na picha tutapiga.

Tangu Machi 2025 tunasikia kila kikao habari ya Mpango wa Shirika, kwamba kambi zitakuwa makazi, kwamba mkimbizi ajitegemee, afanye biashara, alipe kodi. Tumekubali, tunataka. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baadhi yetu tumezaliwa hapa, siku ya tatu ilipita kitambo. Jembe letu ni bisibisi namba sifuri ya nyota, na mmeliweka kwenye kabati lenye kufuli kwa sababu ya mashini ya 2013.

Tunachoomba si kikubwa. Kila mashini ya chumba itazamwe tarehe yake, na iliyopita miaka mitatu stika itolewe na ninyi wenyewe, mbele yetu, ili mtu asije kushtakiwa tena. Kwenye karatasi ya makabidhiano, ile sentensi ifutwe. Siku moja kwa wiki iwekwe meza ya ufundi ndani ya chumba, penye mwanga na feni, na yule fundi mnayemlipa kutoka mjini kuja kuzitazama aje siku hiyo, atufundishe akitengeneza. Na mkiwaandikia wafadhili, waambieni kabla ya kutuma mashini ishirini za giga 4, watume kumi zenye soketi, RAM ya kutosha na SSD. Kumi zinazofanya kazi zinatosha zamu za watu wengi kuliko ishirini zinazohangi.

Kwa upande wetu, haya tumeyaandika ukutani na tutahukumiwa nayo. Betri inatoka kwanza, kabla ya skrubu ya kwanza. Mashini ya mtu haifunguliwi mpaka mwenyewe aambiwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba inaweza kufa, na akubali mbele ya shahidi. Data zake zinanakiliwa kwanza. Prosesa haiguswi mpaka mashini iwe imesafishwa na kupimwa. Anayefungua ni yule aliyeshafanya mara tatu akiangaliwa. Na tukiua, tunalipa.

Miezi miwili imekwisha jana. Jumamosi saa kumi jioni tutakuwa chini ya mwarobaini ulio nyuma ya chumba cha kompyuta, maana ndani bado hatujaambiwa kama tunaruhusiwa. Leta mashini yako ikiwa imezimwa na imepoa. Pesti ipo ya mashini sita, brashi zipo, daftari lipo. Siku hiyo ni kusafisha na kupima tu, prosesa hatubadilishi. Dada wa Fizi ndiye atakayeandika joto la kabla na la baada. Mama wa Kakuma 3 amesema atakuja na chai.

Afisa aliyetusimamisha naye tumemwandikia ujumbe wa kumkaribisha. Bado hajajibu, lakini alama mbili za bluu tumeziona. Kiti chake kitakuwa upande wa kivuli, na laptopu yake aje nayo. Feni yake tunaisikia kila asubuhi kupitia dirishani.